Daktari Kasema Kip

Kijiwe chetu cha kahawa kilikuwa Temeke, ubavuni mwa nyumba niliyokuwa nikishonea kanzu, enzi ya Mwingereza, mji ulipokuwa unaanza kusogea huku kwetu. Mzee Mwinshehe tulimwita Keya, maana alipigana Bama akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akarudi na koti lao. Gaspar, mtu wa bara aliyesoma misheni, alikuwa Karani, ingawa kazi yake ilikuwa kugonga mihuri kwenye vifurushi. Mwinjuma alikuwa Redio: habari alizipata kabla hazijatokea. Asubuhi moja akatujia Somoe, macho mekundu. Mumewe Bakari, kuli wa gatini na mwenzetu wa benchi, siku chache nyuma alikuwa ameangukiwa na robota la katani akavunjika paja, akalazwa hospitali ya Serikali.

—Shikamooni.

—Marahaba, mwanangu, akajibu Keya. Bakari kaamkaje?

—Sijui, baba. Jana nimemkuta kalala. Wamemfunga mguu kwa kamba, wakautundika juu, na upande wa pili wa kamba wakaning'iniza mfuko. Nikamwuliza daktari wa Kizungu, mume wangu anarudi lini? Akasema maneno mengi, nikashika moja tu: kip. Kengele ikalia, tukatolewa nje. Kaka Gaspar, kip ni nini?

Karani akaweka kikombe chini, akakohoa.

—Kip ni kuweka. Kama storikipa. Anaweka vitu stoo.

—Na kufuli juu, Redio akadakia. Nani kaona kitu kimeingia stoo ya Serikali kikatoka upesi?

—Ni kutunza pia, bwana.

—Na golikipa je? Anatunza mpira yule? Kazi yake kuzuia! Dada Somoe, Bakari ndo mpira. Hapiti mlango ule.

Somoe akaketi ukingoni mwa benchi bila kukaribishwa.

—Nyie hamjui kitu, akasema Keya. Kip ni neno la vita. Kule Bama tulikuwaga handakini, afande akipiga kelele "Kip daun!" unalala kama maiti. Aliyeinuka tulimfukia palepale.

—Sasa Bakari kalazwa anamkwepa nani, mzee? Karani akauliza.

—Hilo ndilo la kujiuliza.

Na mie sikutaka kubaki nyuma. Nikawakumbusha kiplefti ya mjini, magari yanavyozunguka pale.

—Umeona! akasema Redio. Watamzungusha. Njoo leo, njoo kesho.

—Ipo kip nyingine, Karani akasema, na nadhani alijuta hapohapo. Mzungu akisema ana-kip kuku, maana yake anafuga.

Redio akasimama.

—Kufuga! Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mguu wa Bakari una kamba, hauna?

—Unayo, akasema Somoe.

—Basi. Anayefugwa hulishwa, anayelishwa hunona. Na mfuko ule una nini ndani? Umeuliza? Mumiani hao, dada. Damu ya mtu mnene wa gatini wanaiweka. Wahenga walisema akiba haiozi.

Hakuna aliyecheka. Miaka ile neno mumiani halikutajwa kwa mzaha. Watu walihama njia wakiliona gari la zimamoto, wakidhani ndimo damu inamobebwa. Hata Karani, mtu wa kanisani, aliinamisha kichwa.

—Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Keya.

—Kashavunjika, mzee.

—Basi sasa asikie. Tukamtoe leo hii.

Redio akaenda kuazima mkokoteni wa muuza mkaa. Somoe akaleta godoro, akalitandika yeye mwenyewe, akasema kamba ataifungua kwa mkono wake. Tulikuwa tunaondoka alipotokea Didas, mpangaji mgeni kutoka Kilema, amefuata kahawa. Akatusikiliza kidogo.

—Samahani, wazee. Huyo Bakari mwenyewe anasemaje?

Redio akashika mpini wa mkokoteni. Keya akatazama kikombe chake. Tangu Bakari alazwe, sisi watu wa benchi hakuna aliyekuwa amekanyaga kule.

—Mie nilimkuta kalala, Somoe akasema taratibu. Sikumwamsha.

Tukaondoka hivyohivyo na mkokoteni wetu. Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, Somoe alitutangulia wodini. Bakari alikuwa macho. Somoe hata salamu hakumpa; alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye fundo.

—We! Usiguse!

Wodi nzima iligeuka.

—Nakutoa, baba Hamisa.

—Unitoe uniweke wapi? Kabla ya kamba hii nilikuwa nalia kama mtoto, mfupa unasagana ndani kwa ndani. Wameuvuta, nimeanza kupata usingizi. Niache nilale!

—Na mfuko?

—Mchanga. Juzi ulitoboka ukamwagika, dresa, yule mfunga vidonda, akafagia.

Redio akainama, akauminya mfuko, akanusa vidole.

—Mchanga, akasema, kama mtu aliyefiwa.

—Daktari kasema kip, Somoe akamwambia mumewe. Maana yake nini?

—Sijui. Mie wamenionyesha kwa mkono nikae. Nimekaa.

Somoe akabaki ameshika chuma cha kitanda, anaitazama kamba, anamtazama mumewe, anairudia kamba. Keya akataka kusema jambo, Somoe akamkatiza.

—Nendeni, baba zangu. Rudisheni mkokoteni wa watu. Mie nabaki mpaka kengele.

Bakari alitoka msimu wa maembe, anachechemea, lakini kwa miguu yake. Mpaka siku hiyo Somoe alikwenda kila alasiri na chakula, na kila alipofika, kabla ya kumsalimu mumewe, aliuminya kwanza mfuko.