Dalassa Paipai na Faili la Baba Yake

Wasikilizaji wapendwa, tangu asubuhi mashua za watu wa kisiwa cha Mabuiag zinaingia bandarini hapa Kisiwa cha Thursday. Wamekuja kumchukua mtu wao. Mama Dalassa Paipai hatunaye tena. Alikuwa na miaka themanini. Alikuwa mpishi wa shule yetu, na wengi mnaonisikiliza mmekuzwa na wali wake.

Dalassa alizaliwa Mabuiag wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baba yake, Enosa, alikuwa askari kambini, huku huku Thursday. Mwaka uliofuata homa ya mapafu ikamuua. Alikufa hajamwona mwanawe. Narudia: alikufa hajamwona mwanawe.

Mkewe, Kaumi, hakulimeza hilo. Kila Dalassa alipoongeza mwaka, mama alimwambia huku akikanda unga wa mkate, "Baba yako alikuwa hapo tu. Nilimpelekea habari kwamba umezaliwa. Hakuja." Kaumi aliingia kaburini na kinyongo chake.

Walipokwisha kumzika, Dalassa akaanza kutafuta kumbukumbu za utumishi wa baba yake jeshini. Alitaka kujua kwa nini hakuja. Basi. Akaandika barua kwa ofisi ya jeshi, kule bara. Jibu likaja: hakuna askari wa jina hilo. Akaandika tena. Hakuna. Wakataka cheti cha kuzaliwa cha Dalassa mwenyewe. Hakuwa nacho, na kitabu cha ubatizo kilishaliwa na mchwa.

Shemeji yake, Abia, alimtania mezani. "Dada, labda huyo baba yako alikuwa askari wa ndotoni."

"Basi na mimi ni ndoto," Dalassa akamjibu. "Nirudishie sahani yangu."

Miaka ikaenda. Magoti yake yakachoka, macho yakafuata. Bintiye Rahel, aliyekuwa akimwandikia barua hizo, anatuambia: "Nilimwambia, Mama, tuache sasa. Akasema, hata mimi nimechoka, mwanangu. Wewe andika tu."

Siku moja walikwenda kisiwa cha Badu, kwenye sherehe ya kufunua jiwe la kaburi la jamaa yao. Dalassa akakalishwa karibu na mzee Tanu Gizu, askari wa zamani. Mzee akamtazama usoni kwa muda.

"Wewe ni wa nani, binti?"

"Wa Enosa Paipai."

"Ah, Piper! Jina lake lilimshinda karani wa jeshi, akaandika Piper. Baba yako akamwambia, andika upendavyo, mwenyewe najijua."

Wakaandika barua nyingine, kwa jina la Piper. Safari hii faili likaja. Rahel akamsomea mama yake jikoni. Urefu wa Enosa. Kovu la kidevuni. Kisha adhabu: Enosa alitoroka kambini kwa mashua ya tanga, siku chache baada ya Dalassa kuzaliwa. Alikamatwa Badu. Akarudishwa, akafungiwa.

Badu, wasikilizaji wapendwa. Ukisimama Badu, Mabuiag unaiona kwa macho.

Rahel anasema, "Nilidhani atalia. Akaniuliza, 'Alikuwa anakuja?' Nikasema, ndiyo, Mama, alikuwa anakuja. Akasema, 'Na Mama hakujua.' Akaniomba nimshike mkono akalale. Ilikuwa mchana."

Alipopata nguvu, alipelekwa Mabuiag. Akakaa kwenye kaburi la Kaumi, akamwambia yote kwa lugha yao. Rahel alipomuuliza mbona anarudia maneno, akasema, "Bibi yako alikuwa mbishi. Haelewi mara ya kwanza."

Hakuandika barua tena. Wiki iliyopita alilala, hakuamka.

Kwako Rahel, kwako Mzee Abia, na kwa ukoo wote wa Paipai, poleni sana. Tunalia nanyi.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Pengine yupo marehemu ambaye mpaka leo tumemnunia kwa sababu hakufika. Tumuulizie kwanza. Huenda alikamatwa njiani.