Buti Zilizochelewa Kuniachilia

Ndugu zangu wa jumuiya, mtaniruhusu nizungumze nikiwa nimeketi. Wengi wenu mmenijua tangu nikiwa mdogo hapa Buruburu, na mlisikia tu kwamba binti wa dereva ameumia baharini. Leo naomba mnisikie mwenyewe.

Baada ya chuo nilikaa nyumbani nikituma maombi ya kazi hadi nikachoka. Ndipo rafiki akaniita Pwani, kwenye shule ya mchezo wa tiara. Unasimama juu ya ubao, tiara kubwa inakuvuta juu ya maji. Msicheke jamani, ni kazi ya watu! Waliniahidi kwamba nikiiva, nitafundisha wageni. Nami, mwoga wa kila kitu, nikiwa juu ya yale maji kichwa changu kilinyamaza. Hakijawahi kunyamaza mahali pengine.

Shida ilikuwa miguu. Ubao wa mwanafunzi una mikanda miwili ya kuingiza miguu, kama ndala. Ukianguka, miguu inachomoka na ubao unaenda zake. Wangu ulienda kila siku. Vijana wa ufukweni walinipigia kelele: "We wa Nairobi! Ubao wako umeshafika Tanga, kimbia!" Nami niliufuata nikiogopa kuzama, maana kuogelea nilijifunza ukubwani.

Wengine walivaa buti zilizofungwa kwenye ubao, za kukazwa hadi juu ya kifundo. Hizo zinashika. Ndugu zangu, nawaambia, kuchagua kati ya mikanda na buti kulininyima usingizi. Nilimuuliza mwalimu, nikamuuliza mpishi wa shule, nikampigia baba simu. Mwalimu alisema, "Mikanda inakuachilia mapema. Buti zinachelewa. Wewe angalia unaogopa nini zaidi."

Niliogopa kuachiliwa. Nikachagua buti.

Siku moja upepo ulinirusha juu, nikatua vibaya. Mguu mmoja ukachomoka, mwingine ukabaki ndani ya buti. Ubao ukageuka na goti langu. Mlio ule siwezi kuwasimulia.

Nilipasuliwa, nikarudishwa nyumbani. Nafasi ya kufundisha akapewa mwingine. Lakini kilichonimaliza kabisa ni swali: je, kama ningevaa mikanda, goti lingesalimika? Daktari hakujua. Mwalimu hakujua. Nilishinda kwenye simu nikitazama video za watu wakianguka, wa buti na wa mikanda, nikipima nani kaumia zaidi. Mazoezi sikufanya. Mtaalamu wa viungo alinionya kwamba goti likiganda vile sitatembea vizuri tena. Nikaitikia, kisha nikarudi kwa swali langu.

Mama alishafariki, kwa hivyo baba ndiye aliyekuwa akipiga magoti sakafuni kila asubuhi kunikunja mguu, nami namsukuma. Asubuhi moja nikamuuliza tena, "Baba, ungekuwa wewe ungevaa mikanda?"

"Mama, mimi hata kuogelea sijui."

"Lakini unafikiri aje?"

"Sijui! Umeniuliza tangu Krismasi. Sijui, na hakuna atakayejua." Akaushika tena mguu wangu. "Nimebaki na mtoto mmoja, na hataki kutembea. Kunja, mama. Nakuomba."

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akimwomba mtu kitu. Nikakunja. Nilipiga mayowe hadi majirani wakatoka nje, lakini nilikunja.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Baharini sitarudi, na nikiona upepo ukipeperusha nguo kwenye kamba hapa mtaani, naingia ndani nalia. Jibu pia sijapata. Nimejifunza tu kwamba naweza kutembea bila jibu. Kama nawe una swali la aina hiyo, liache likae hapo kando, ufanye mazoezi yako ya leo.

Akina mama mliokuja kwa zamu, mkanipikia, mkanishika mkono hadi kwenye geti na kurudi, Mungu awakumbuke. Na baba, najua umejificha pale karibu na mlango kwa sababu hupendi kutajwa. Asante kwa kuniomba.