Mama Kurasa Anastaafu, Foleni Yake Bado Ndefu

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, kiwanda chetu cha uchapaji kinaagana na mpanga kurasa wake mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Kurasa. Mhariri wa jarida hili la wafanyakazi ametaka wasifu uandikwe na fundi wa kompyuta, kwa hoja kwamba chumba chake kinapakana na cha Mama Kurasa. Fundi, yaani huyu anayeandika, amekubali. Afanyeje? Akikataa, watu watasema ana wivu, na hilo limeshasemwa vya kutosha kantini.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Mama Kurasa aliingia kiwandani wakati herufi zingali za risasi, zikipangwa moja moja kwa mkono, na kompyuta zilipoletwa alizihamia bila kununa. Vitabu vya shule vya madarasa yote vimepita mikononi mwake. Nafasi iliyozidi kati ya maneno mawili huiona akiwa mlangoni, hata miwani hajavaa. Ile atlasi iliyokaribia kuchapwa huku bahari mbili zimebadilishana majina, ni yeye aliyeisimamisha mashine, na meneja aliyeshuka ngazi akifoka alipanda tena kimya kimya. Hayo yote fundi anayakubali kwa roho nyeupe.

Kilichomkaa kooni ni jambo jingine. Mlango wa fundi umeandikwa KOMPYUTA kwa herufi kubwa, na aliyezipanga herufi hizo ni Mama Kurasa mwenyewe. Hata hivyo, mfanyakazi mwenye shida ya kompyuta ya nyumbani huupita mlango huo, husalimia kwa adabu, kisha huingia chumba cha pili.

Mambo yalianza na mtunza stoo. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na mfumo endeshi wa kulipia, wa zamani, ambao waliouunda walishaacha kuutengenezea marekebisho, na sasa ilichukua muda wa kupika maharage kabla ya kuwaka. Ule mpya ulitaka mashine mpya. Mama Kurasa, aliyekuwa amesikia habari za Linux kutoka kwa mpwa wake, alimwambia kuna mifumo ya bure ambayo mtu anaweza kuipakua, kuitumia na kumgawia jirani bila kuvunja sheria. Fundi alilijua hilo tangu zamani. Hakuna aliyemuuliza.

Taabu ya mifumo hiyo ni wingi wake, mtu huenda kuchagua akarudi na kizunguzungu. Hapo ndipo Mama Kurasa alipobuni utaratibu aliouita uchumba. Alipakia kila mfumo kwenye flashi yake, akaifunga kwa uzi wa kushonea vitabu: uzi wa kijani kwa mfumo uliofanana na ule ambao watu waliuzoea, mweupe kwa ule mwepesi wa mashine kongwe, mwekundu kwa ule aliouita wa Wabishi, kwa kuwa kila kitu humo huamrishwa kwa kuandika. Mtu aliiwasha kompyuta kwa flashi, akaishi na mfumo huo wiki nzima bila kugusa ule wa zamani, na asipoupenda alirudisha flashi, hakuna kinyongo. Ndoa, yaani kuuweka mfumo kwenye kompyuta moja kwa moja, ilikuja baadaye. Mlinzi wetu wa getini amechumbia mifumo yote mitatu, mmoja mara mbili, na hadi leo hajaoa.

Kulikuwa na mushkeli pia, na wasifu wa haki hauwezi kuuruka. Mhasibu aliandika hotuba yote ya harusi ya bintiye akiwa bado katika uchumba, akazima mashine, na hotuba ikapotea, maana mfumo wa majaribio hauhifadhi kitu usipoweka akiba mahali pengine. Fundi alifurahi siku hiyo, tusifichane. Alinyoosha shati lake, akangoja kuitwa. Badala yake Mama Kurasa alisema kosa ni lake, hakumwonya, akakaa na mhasibu saa ya chakula, huyu akikumbuka na yule akichapa. Mhasibu alitoka akisema hotuba ya pili imekuwa tamu kuliko ya kwanza. Fundi alirudi kula wali wake uliopoa.

Sasa tufike nyumbani kwa fundi, kwani ndiko alikoumia. Mke wake ni mshonaji, na kompyuta yao ndiyo inayobeba picha za wateja na vipimo vya nguo. Mfumo wao wa kulipia ulipozeeka, fundi aliweka wa Wabishi, ulio bora kuliko yote kwa mtu anayejua anachotaka. Yeye alijua. Mke wake alitaka kuchapa mchoro wa kola tu, na kila mara alilazimika kumsubiri mume atoke kazini amwandikie amri. Fundi, kwa kweli, hakuona ubaya wowote katika kusubiriwa.

Jumamosi moja fundi alibaki kiwandani na mashine iliyogoma. Aliporudi alikuta Mama Kurasa amekaa sebuleni kwake, flashi zimetandazwa juu ya kitambaa cha kushona, na mke wake anacheka mbele ya kompyuta kicheko ambacho fundi alikuwa na muda hajakisikia. Mchoro wa kola ulikuwa umeshatoka kwenye printa. Mgeni alipoondoka, fundi aliuliza mfumo wake ulikuwa na kasoro gani. Mke wake hakugeuka hata kidogo.

“Wewe uliichagulia kompyuta,” alisema. “Dada amenichagulia mimi.”

Wivu ulimpata fundi vizuri sana. Siku zilizofuata alimsalimia Mama Kurasa kwa neno moja, akapita. Mwenzake aliitikia kwa maneno matano, akamuulizia na watoto. Hata kununiwa alikuwa hajui kupokea.

Kwa hiyo tarehe ya kustaafu ilipotangazwa, fundi alifuta vumbi kiti cha wageni. Alidhani foleni itahamia kwake, na kwamba hatimaye mtu atauliza chumba cha kwanza kabla ya cha pili. Wiki hiyohiyo mhasibu alikuwa anaelekezwa njia ya kwenda nyumbani kwa Mama Kurasa, mtunza stoo ameshaijua, na mke wa fundi amekwisha kupangiwa Alhamisi. Anastaafu na watu wake wote.

Zawadi ya wafanyakazi ilikuwa kompyuta ya mapajani, ikatolewa mapema ili iandaliwe. Jumatatu iliyopita Mama Kurasa aliibeba kifuani, akasimama kwenye mlango ulioandikwa KOMPYUTA, akabisha. Alieleza kwamba nyumbani hajawahi kuwa na kompyuta. Sote tulidhani anayo. Za wenzake alizishughulikia majumbani mwao, kisha akarudi kwake kupika na kulala. Alimwomba fundi amchagulie mfumo.

Fundi alikuwa ameingoja siku hiyo muda mrefu, na majibu alikuwa nayo kumi. Aliuliza kwanza ataitumia kwa kazi gani.

Mama Kurasa alikitazama kioo kikiwa bado cheusi. “Sijui, mdogo wangu,” alisema. “Maisha yangu yote nimepanga kurasa za watu. Ya kwangu sijawahi kuiwaza.”

Fundi aliyaweka kando majibu yote kumi. Aliwasha mashine kwa flashi ya kijani, akafungua ukurasa mtupu, akamsogezea kiti. Mama Kurasa aliandika jina lake katikati ya mstari wa kwanza, akalifuta, akaliandika tena. Kisha alimwomba fundi ageukie dirishani, na fundi akageuka, akasikia vidole vikianza polepole halafu vikishika kasi. Kilichoandikwa hakijui. Anauonea wivu ukurasa ule pia.

Mama Kurasa, kiwanda kinakushukuru kwa kila mstari ulionyooka na kila kosa lililoishia mezani kwako. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele ya kazi, na kurasa nyingi za kwako mwenyewe. Mashine ikikwama, niite mimi. Tafadhali, usimwite mtu mwingine.