Sista Dinah Hataagiwa Hotelini

Sista Dinah Khalayi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya kuitumikia taasisi yetu ya utafiti wa moyo hapa Kakamega kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, lakini nina hasira.

Alianza mapokezi, akasomea uuguzi, akaishia kuongoza timu ya nyanjani. Utafiti wa chumvi ulipoanza, watu wa Amalemba walipewa madumu wakusanye mkojo wa siku nzima, upimwe chumvi. Uvumi ukaenea kwamba tunataka kuwaroga. Dinah hakubishana na mtu. Alibeba dumu lake mwenyewe, limejaa, akakatiza nalo sokoni mchana kweupe huku akisalimia watu. Walimcheka mpaka machozi, na kesho yake madumu yakagombaniwa.

Ndiye pia aliyeondoa chumvi kwenye meza za kantini yetu. Madaktari walinung'unika kuliko wagonjwa.

Sasa niseme linalonikera. Matokeo yalisomwa hotelini, mbele ya wageni wenye beji shingoni, wakila kuku aliyekolea chumvi. Waliopimwa hawakuambiwa kitu. Ati wasubiri ripoti ichapishwe! Huko Lugari, tulikopima pia, mke wa mzee Titus Sifuna alikutwa na presha ya juu mno. Ikaandikwa, gari likaondoka. Mama wa watu alianguka katikati ya mahindi yake akafa, hajui lolote. Hadi leo mzee akija Kakamega na kumwona Dinah humuuliza, "Mlikujanga kuchukua mkojo yetu. Majibu iko wapi?"

Dinah aliona aibu isiyokuwa yake. Akaanza kurudi nyumba kwa nyumba, Mukumu hadi Isecheno, siku zake za mapumziko, akiwapa watu majibu yao. Wakubwa walimkanya, aliwaitikia kwa heshima, akaendelea. Lugari tu ndiko hajafika, kwa sababu alinyimwa gari.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alikataa saa ya ukutani na karamu ya hotelini. Aliomba gari la Lugari.

Ndiyo maana, wageni wetu, mtakuta mahema nyumbani kwa mzee Sifuna. Majibu yatatolewa kabla ya hotuba yoyote, na ya kwanza yatakuwa ya marehemu mkewe. Mkurugenzi mwenyewe atampelekea mzee. Mezani hakutakuwa na chumvi, msiiulizie.

Asante, Sista Dinah. Uishi vyema, ulime shamba lako kwa amani. Ile aibu tuachie wenyewe.