Mama Pua na Mapipa Kumi na Mawili ya Bia ya Moshi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mwonjaji mkuu wa kiwanda chetu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Kwenye hati ya mshahara ana jina lake kamili. Huku chini kwenye mapipa sote tunamwita Mama Pua, na anaitika.

Alianza kwa kuosha chupa. Katika mwaka wake wa pili alimwambia mpika bia kwamba maji ya kusuuzia yananuka kutu. Mpika bia akapuuza. Wiki haikuisha, bomba likapasuka, na ndani lilikuwa limeliwa na kutu. Tangu hapo akahamishiwa chumba cha kuonjea: vigae vyeupe, dirisha moja, sinki la kutemea, mkate mkavu na maji ya vuguvugu. Amekitawala kwa upole na kwa sheria kali. Mhasibu wetu aliwahi kuzuiwa mlangoni kwa sababu ya marashi, akaambiwa arudi akishanuka kama binadamu. Wanawe nao wanasema utotoni hawakufanikiwa kuficha kosa hata moja. Mama alinusa kola ya shati, kesi ikaisha.

Bia anayoipenda kuliko zote ni ile nyeusi ya moshi, tunayoipika mara moja kwa mwaka kwa mtindo wa zamani. Kimea kinakaushwa juu ya moto wa kuni, kisha bia inalala miezi minane kwenye mapipa ya mbao. Haitaki haraka wala haisamehe: pipa likiingiwa na hewa, bia inageuka siki.

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya kufungua mapipa kumi na mawili, Mama Pua alishikwa na mafua. Mafua yakapona, harufu haikurudi. Alinusa kahawa, akanusa sabuni, akanusa siki yenyewe: hakuna kitu. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Badala yake alipanda ngazi hadi kwa mkurugenzi. Mkurugenzi, ambaye wateja walikuwa wamemzonga kwa simu, alimsihi aonje kwa mazoea tu, atie saini, mambo yaende.

Mama Pua akamjibu, "Mzee, sisikii harufu. Nikitia saini nitakuwa nimeandika uongo, na mnywaji atautambua kwa mdomo wake."

Mapipa yakabaki yamefungwa. Wateja wakanuna. Yeye alikuja kazini kila siku, akafuta glasi zilizokwisha kuwa safi, akarudi nyumbani.

Wiki ya saba, asubuhi ya Jumapili, mumewe aliunguza mkate jikoni. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kuomba radhi aliposikia mkewe analia sebuleni. Alikuwa akilia kwa furaha; harufu ilikuwa imemfikia. Waliula mkate huo wote, mweusi ulivyo.

Kesho yake alifungua mapipa. Kumi na moja yalikuwa safi; la tisa lilikuwa siki tupu, likamwagwa. Mkurugenzi alishuka mwenyewe, akainama juu ya pipa hilo, akanusa ile siki, kisha akamwomba radhi mbele yetu sote. Kadi aliyoiandika Mama Pua siku hiyo ipo ukutani hadi leo:

"Nyeusi, ukiiinua dirishani inaona haya, inakuwa nyekundu. Povu zito, halina haraka ya kuondoka. Harufu ni moshi wa kuni na ganda la mkate. Ulimini inaanza na utamu kidogo, kisha uchungu wenye adabu: unaingia, unasalimia, unaaga. Kasoro: glasi ni ndogo."

Anatuachia waonjaji wawili aliowafundisha mwenyewe. Mwezi uliopita aliwapa glasi sita zisizo na alama, moja akiwa ameiharibu makusudi. Wote wawili waliikataa. Hapo ndipo alipovuta kiti, akakaa.

Juzi alipiga chafya tatu mfululizo, tukageuka kwa hofu, tukikumbuka mwaka jana. Akacheka, akatwambia tuendelee na kazi. Mafua haya sasa ni yake mwenyewe, si ya kiwanda.

Asante, Mama Pua. Tunamshukuru na mzee wa nyumbani, pamoja na wanao, kwa kutuazima wewe miaka yote hii. Mzigo umeufikisha salama, na sisi tumeupokea. Kapumzike kwa afya na furaha.