Sentimita Apima Televisheni ya Waya

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha fundi cherehani tunayemwita Sentimita. Lina miguu mitatu na tofali moja. Asubuhi hiyo mimi, Kinyozi na Dereva Mstaafu tulikunywa kahawa kwa uzito kidogo. Antena ya nyumbani kwa Sentimita ilikuwa imeangushwa na upepo, na baba yake, aliyepigwa kiharusi, hushinda kitandani peke yake huku televisheni ikiwa ndiyo mwenzake. Maneno ya mzee siku hizi hutoka moja moja, yanataka mtu mwenye subira. Saa nne angekuja fundi wa kampuni kufunga televisheni inayopita kwenye waya wa intaneti, mkataba wa mwaka mzima. Sentimita akichagua vibaya, mzee atakodolea macho ukuta miezi kumi na miwili.

Basi Sentimita alikuja benchini na vipimo. Kwa utepe wake alikuwa amepima toka dirishani hadi kitandani, upana wa skrini, mpaka urefu wa rimoti, akaviandika kwa chaki kwenye kitambaa kama suruali ya mteja.

— Injinia, hii kasi ya intaneti unaipimia wapi? Kifuani au kiunoni?

Injinia ni mimi. Digrii ya mawasiliano, second upper, na barua tatu za we regret to inform you, za kuninyima kazi, kutoka kampuni hiyohiyo. Nilimweleza kuwa kasi ni kama upana wa bomba: wajukuu wakirudi jioni na kufungua simu zote kwa mpigo, picha ya babu inaganda. Achukue unlimited, maana bando la kuhesabiwa mzee atalimaliza kabla ya Jumatano. Aulize kama stesheni za hapa nyumbani zimo, kuna visanduku vya televisheni vina chaneli mia tatu na taarifa ya habari ya kwenu haimo. Na umeme ukikatika, end of story.

Kinyozi akasema picha kuganda si tatizo, haba na haba hujaza kibaba.

— Kwa hiyo bao lifungwe leo, mzee ashangilie kesho? nikamuuliza.

Dereva Mstaafu alikuwa na lake. Waya una ncha mbili, akasema, kinacholeta picha ndani kinatoa picha nje.

— Mwosha huoshwa, wanangu. Mtazamaji naye hutazamwa.

Kinyozi akaruka nalo hilo. Kumbe ndiyo maana wateja wamempungua: kampuni inawaona wakinyolewa nyumbani na wake zao, inakaa kimya. Mimi nilikuwa nimeanza kumkosoa Kinyozi kwa Kiingereza na Kiswahili kwa zamu, pale alipotokea dada mmoja na ngazi begani, amevaa fulana ya kampuni. Fulana ile nimeiota miaka minne.

Akamwamkia Dereva, akapokea kikombe cha mwisho, akakisoma kile kitambaa mstari kwa mstari bila kucheka.

— Umepima vizuri, kaka. Kuna kifurushi cha habari, cha michezo, na cha sinema za zamani. Baba anapenda kutazama nini?

Sentimita alinitazama mimi. Mimi nikamtazama Kinyozi. Dereva, mwenye jibu la kila kitu, akachungulia birika.

— Nikitoka asubuhi naiacha imewaka, Sentimita akasema hatimaye. Nikirudi naikuta imewaka.

— Na hapo katikati?

Alizungusha utepe kwenye vidole mpaka ukaisha. Kisha akauweka juu ya benchi na kusimama.

— Nisubiri nusu saa, dada.

— Unaenda kupima nini tena? Kinyozi akauliza.

— Naenda kukaa naye.

Akaondoka bila utepe. Dada akaegemeza ngazi ukutani, akakaa pale alipokuwa Sentimita. Birika lilikuwa tupu, Dereva akalichukua akaenda kulijaza.