Mabuti Yaliyorudi Safi

Ndugu Kasiani Majaliwa, fundi bomba wa mradi wetu wa maji, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Ofisini tunamwita Baba Furaha, kwa jina la bintiye wa kwanza, na humu nitamwita hivyo hivyo. Mimi ni Anifa wa masjala. Kazi yangu ni kutunza mafaili, lakini tabia yangu ni kuuliza, na mtu huyu amenipa maswali mengi kuliko mafaili yote.

Alianza Januari 1991 akiwa kibarua wa kuchimba mitaro, bomba lilipokuwa likipandishwa kutoka bondeni kuja Kitangari. Mwaka wa tatu akawa fundi. Anajulikana zaidi kwa nondo yake: huegemeza ncha moja kwenye bomba, nyingine sikioni, hufumba macho, kisha huonyesha mahali pa kuchimba. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza sikusikia kitu, mara ya pili nilisikia moyo wangu mwenyewe. Nikamuuliza bomba linalovuja husemaje. Alifikiri sana, akajibu kwamba hunung'unika kama mtu asiyetaka majirani wamsikie. Bado sijaelewa.

Mwaka 2022, alipofikisha miaka hamsini na saba, ikaja barua. Wote waliozidi miaka hamsini na tano waondolewe kwenye kazi za nje "kwa kuzingatia kasi ya kazi". Aliyeiandika ni meneja wetu, Bwana Dickson, na ndiye aliyeniruhusu kuisimulia leo. Aliposoma rasimu hii alisahihisha tarehe moja tu, akanirudishia. Sikutegemea.

Baba Furaha akapewa meza ya mlangoni na kitabu cha wageni. Vijana wakapewa kifaa kipya cha kusikilizia mabomba. Si vijana wabaya. Kila asubuhi walimwamkia shikamoo wakimpita kwenda kazini, naye akaitikia marahaba huku macho yake yakifuata mabegi yao ya vifaa. Iliniuma.

Nyumbani hakusema kitu. Miaka miwili kabla ya hapo mkewe, Agatha, yaani Mama Furaha, alikuwa amemwomba astaafu kwa hiari wakashughulikie mikorosho yao Chilangala. Walibishana msimu mzima, na mume akashinda kwa hoja moja: ofisi haiwezi kwenda bila yeye. Sasa angeanzaje kumwambia kwamba ofisi inakwenda? Basi kila asubuhi alivaa mabuti yake, akaaga, akaja kukaa mezani.

Alichosahau ni kwamba mabuti yale yana mtu wa kuyaosha. Miaka yote Mama Furaha aliyakung'uta udongo mwekundu, na sasa wiki ya tatu yalikuwa yakirudi safi. Akawaza ambalo wake wengi wangeliwaza, akapanda bodaboda hadi ofisini. Kitabu cha siku ile ninacho masjala. Kwenye safu ya sababu ya ujio, mgeni ameandika kwa mkono wake: "Kumtafuta mume wangu." Aliyempa kalamu ni mume wake.

Waligombana pale pale barazani kwa Chimakonde, na mimi Myao niliambulia majina tu. Nilisimama dirishani na faili ambalo sikulisoma. Baadaye nilimuuliza Mama Furaha ni kipi hasa kilichomkasirisha. Hakikuwa meza.

"Mwanangu Anifa, kaniogopa mie. Kadhani nami nitamwona kachakaa, kama walivyomwona wao."

Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Miezi miwili walizungumza kwa kupitia Furaha.

Oktoba maji yakakatika Kitangari kwa siku nne. Kifaa kipya kilionyesha sehemu tatu, mashimo matatu yakachimbwa, yote makavu. Siku ya tano Mama Furaha aliingia ofisini na ndoo tupu, akampita mumewe bila salamu, akaenda moja kwa moja kwa meneja.

"Meneja, baba, mwenye sikio mmemweka mlangoni anagawa kalamu. Mtoeni, tuna kiu."

Bwana Dickson akamtoa. Kumbe kifaa kilikuwa kikisikia mashine ya kusaga iliyo jirani na bomba. Baba Furaha alianza kwa kumwomba mwenye mashine aizime, ndipo akaegemeza nondo. Saa moja baadaye vijana walikuwa wamelowa hadi kiunoni, wanacheka. Barua ile ikafutwa wiki hiyo hiyo, lakini alikataa kurudi kazi za nje mpaka wenzake wawili waliohamishwa naye watajwe kwa majina kwenye barua mpya. Wakatajwa. Tangu hapo amewafundisha vijana nondo, nao wamemfundisha kifaa.

Mwezi uliopita Bwana Dickson alimpa nafasi ya kubaki kwa mkataba wa mwaka mmoja. Hapo ndipo niliposhangaa kuliko siku zote, maana Mama Furaha alitaka aukubali, na mumewe ndiye aliyetaka kwenda Chilangala. Wakabishana tena, safari hii kwa Kiswahili na mbele yangu, nikafaidi. Mwishowe Baba Furaha akamwambia mkewe kwamba bomba bado analisikia vizuri na hakuna aliyemwambia amechoka, na kwa sababu hiyo anataka kuondoka sasa, maana safari hii anaondoka kwa kupenda. Mama Furaha akauliza wataondoka siku gani.

Baba Furaha, asante kwa maji tuliyokunywa miaka yote bila hata kukuwaza. Umeamua mwenyewe kwenda nyumbani. Nasi wenzako tunakuombea wewe na Mama Furaha afya, mvua ya kutosha, na siku nyingi za kuwa pamoja.